Jumapili ya Magongo

Sikumwita mtu. Niliandika tu kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni:
LEO SAA KUMI NA MOJA. MAGONGO. SISI NA KENYA. MIA TANO.
Na chini yake, kwa herufi ndogo: kipa ni wa hapahapa Kiwira.
Hizo ndogo ndizo zilizojaza mabenchi.

Mvua ilikuwa ile yetu, isiyobisha hodi wala kuaga.
Waliingia na makoti yanayonuka moshi na ng'ombe,
wakaketi, wakaniuliza sheria.
Ningezijulia wapi? Mimi ni mtu wa ligi kuu na filamu za kupigana.
Mzee Ambokile alikuja akidhani nauza gongo;
alipojua ni la kuchezea, akabaki,
maana alishalipa.

Mwaisaka, achongaye mipini ya majembe,
hakuutazama mpira robo nzima.
"Mti gani ule?" aliuliza. "Mbona haupasuki?"

Tukapata moja. Tumeipataje, hatukuelewa,
lakini benchi la nyuma lilivunjika mguu kwa furaha.
Wakarudisha.
Tukapata nyingine. Lugano akapanda juu ya kreti la soda
akaimba wimbo wa taifa hadi maneno yalipomwishia.
Wakarudisha tena.

Ikabaki dakika moja. Mwenye kipenga akaonyesha kwa mikono
kitu ambacho mpaka leo sikijui.
Wao wakajipanga kama wavunaji kwenye ukingo wa shamba.
Gongo likashuka.
Mpira ukapita katikati ya miguu ya kipa,
miguu iliyofungwa magodoro,
na kioo kikatuletea uso wake karibu,
kisha karibu zaidi,
mpaka tukaona jasho kwenye nyusi.

Ndipo midomo ikafunguka.
"Anadaka au anafagia?"
"Arudi huku achume chai!"
"Kahongwa huyo, hela ya Kenya ina uzito."
"Mimi na baridi yabisi yangu ningeudaka!"
Ambokile akasema heri lingekuwa la kunywa.
Nusu saa nzima, hakuna aliyekumbuka kwenda nyumbani.

Mimi nilikuwa namwona. Wao hawakumwona:
kule pembeni, karibu na ndoo inayokinga matone ya paa,
mama Tusekile, beseni la magimbi mapajani.
Mia tano yake nilikuwa nimeikataa.
Hakulia. Alikuwa anafuta mikono kwa kanga,
mikono iliyokwisha kukauka zamani.

Simu yake ikaita. Simu ya tochi, yenye sauti ya debe.
Akabonyeza, na sauti ya binti ikaenea kibandani:
"Mama. Mmetazama?"

Miaka arobaini na moja nipo hapa, sijawahi kuisikia
mvua ya Kiwira ikiwa peke yake hivyo.
Shingo zikageuka, moja, nyingine, nyingine.
Lugano akashuka kwenye kreti.

"Hapana, mwanangu. Umeme ulikatika."
"Kweli?"
Akakosa la kuongeza. Akatutazama.

Mwaisaka ndiye aliyeanza, bila kusimama:
"Ulikatika! Mwanzoni kabisa!"
"Hata robo ya kwanza haikwisha!"
"Giza totoro!"
"Tanesco hawa, Mungu anawaona!"
Yule wa baridi yabisi akapiga meza ngumi,
akidai arudishiwe mia tano yake,
kwa sauti ya kufika Nairobi bila simu.

Kule kukawa kimya. Kisha pumzi, ndefu,
kama ya mtu anayetua kuni.
"Afadhali. Ndaga, mama."

Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu, wati mia,
kumbikumbi wakiizunguka na kuanguka kwenye magimbi,
na kwenye kioo goli lile likirudiwa, na kurudiwa,
bila sauti.
Rimoti ilikuwa mkononi mwangu.
Sikumbuki niliibonyeza saa ngapi.