Kopo la Vifungo

Kadi yangu inakaa ndani ya kopo la vifungo,
chini ya vifungo vya mashati ya marehemu baba
na kile kikubwa cha koti nisilolikumbuka.
Si kwamba naiogopa.
Nataka tu, kabla ya kuitumia,
vidole vyangu vifanye kazi kidogo.

Baba alikopa kwa daftari, kulekule Tabata,
dukani kwa Temba. Jalada lilinuka mafuta ya taa,
na ndani, kwa wino mwekundu, sisi:
BABA SIWEMA. Sukari robo. Sabuni nusu mche. Mkate.
Mwisho wa mwezi ukipita mshahara haujatoka
tulibadili njia ya shule,
tukazunguka nyuma ya msikiti, tukaruka mtaro,
maana deni lile lilikuwa na macho,
lilivaa kandambili za bluu,
lilikaa kibarazani likitafuna karafuu
na likikuona linakuita kwa jina:
"We Siwema! Mwambie baba namsalimia."

Hili la kadi halina macho.
Unaigusisha, kimashine kinalia ti,
binti anakukabidhi risiti na mfuko,
unatoka nje juani
na pochi ina uzito uleule ulioingia nao.
Hapo ndipo ninapopaogopa. Uzito uleule.

Basi nami nimelifungulia daftari.
Nimelinunua Kariakoo, mistari ya bluu, penseli imefungwa kwa uzi:
Ada ya Hidaya, muhula wa pili.
Dawa ya pumu.
Mtungi wa gesi, ule mdogo.
Na jioni ileile, kabla sijavua viatu,
nahamisha kiasi hichohicho kwa simu
kwenda akaunti ya pembeni niliyoipa jina Temba.
Fedha ya Temba haiguswi.
Hata maharage yapande, hata LUKU ikatike
mpira uko dakika ya themanini,
tutakaa gizani, tutasikiliza kwa jirani.
Tarehe tano Temba analipwa chote, mpaka senti.

Gwamaka, tunayekaa naye meza moja kazini, alinicheka:
"Dada, siku arobaini na tano wamekupa bure,
wewe unaharakia wapi?"
Yeye alianza na friji. Ikafuata televisheni, vikafuata viatu,
na kila mwezi akalipa kiwango cha chini.
Kiwango cha chini! Maneno matamu,
kama ngazi ya kwanza ya kushukia kisimani.
Siku hizi simu yake ikiita
anailaza kifudifudi mezani, anaendelea kuongea
kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyokuwa.

Sijifanyi mtakatifu.
Desemba ya mwaka juzi nilichukua seti ya glasi,
za miguu mirefu, kumi na mbili,
kwa ajili ya wageni ambao hawakuja.
Nimezilipa miezi mitano, na riba juu.
Zipo kabatini, zinatutazama
tukinywa maji kwenye vikombe vya plastiki.
Hidaya akiuliza tutazitumia lini
namwambia tunazitumia kila siku.

Jumanne walinipigia kutoka benki.
Nilikuwa na ungo mapajani, simu nimeiweka kwenye ndoo.
"Hongera mama, wewe ni mteja mwaminifu,
tunataka kukupandishia kikomo hadi milioni nne."
Nikamuuliza, kinaweza kushuka?
Kimya. Nikasikia feni ya ofisini kwao.
"Kushuka... vipi, mama?"
Kushuka, mwanangu. Laki sita zinanitosha.

Akasema ngoja aulize kwa wakubwa, nisikate.
Sikukata.
Kinanda chao kikaanza kupiga ndani ya ndoo,
nami nikarudi kwenye mchele wangu.
Niliokota mawe saba kabla hajarudi.