Saa Mbili

Kipande cha kwanza tulikikata Ijumaa,
mteja amesimama mlangoni, funguo za gari zinamlia mkononi.
Otiato akasema, "Kimetoka kwenye mashine, kimekamilika."
Msumeno ulipofika nusu
tukasikia ta! kama kijiti cha kibiriti,
na kile kifundo cha mguu wa bandia kikajikunja
milimita mbili tu.
Mbili. Mwenye mguu angetembea nazo maisha.

Leo Jumanne. Barabara ya Lunga Lunga imenyamaza,
isipokuwa mbwa wa kiwanda cha sabuni.
Wageni wetu huja mchana kutazama leza
ikichora juu ya unga wa titani,
tabaka juu ya tabaka, elfu mbili na mia nne,
kila moja jembamba kuliko unywele.
Wanapiga picha, wanapiga makofi, wanaondoka.
Hawajui kwamba kinachozaliwa hivyo
huzaliwa na kinyongo:
kila tabaka liliyeyuka, likaganda kabla ya kupumua,
likalivuta la chini yake, la chini likagoma,
na ugomvi wote umefungiwa ndani, uso unang'aa.

Namjua mtu wa namna hiyo. Ninaishi naye Kayole.

Injinia Bhogal alinionyesha kwenye hadubini:
sindano, sindano tupu, zimekatizana
kama kopo la fundi cherehani lililomwagika.
"Zina nguvu," alisema, "ila hazijui kukubali."

Basi nimekiingiza tanurini kingali kimeshika bamba lake,
nikafungulia gesi ya agoni iifukuze hewa,
maana titani ikiwa moto huila hewa bila kushiba
na ngozi yake ikawa ganda la yai.
Nyuzi mia nane. Saa mbili.
Si saa mbili ya usiku, Otiato, hiyo imeshapita;
saa mbili za kukaa.

Baba alifua majiko Kamukunji
na hakuwahi kumiliki kipimajoto.
Akisema "nyanya" tulivuta,
akisema "chungwa" tulikuwa tumechelewa.
Mimi nasoma tarakimu. Lakini nikichungulia kitundu cha kioo,
ni nyanya ileile.

Saa nne na dakika kumi, stima ikapotea,
Eneo la Viwanda lote, mpaka South B.
Jenereta ikakohoa mara tatu,
ikakumbuka kwamba haina dizeli.
Otiato akakimbia na mtungi.
Mimi nikabaki na betri ya kipimo na mwanga wa simu,
naandika:
798
791
780
Agoni peke yake iliendelea kunong'ona bombani,
yeye hategemei mtu.
742, na taa zikarudi.

Kitabu cha mashine hakina ukurasa wa usiku kama huu.
Nikaongeza dakika arobaini.
Kwa nini arobaini? Siku za mwizi ni arobaini;
nikadhani na za kinyongo.

Kisha kupoa, mlango umefungwa.
Hapo ndipo mkono huwasha.
Otiato alilala juu ya magunia, viatu miguuni.
Nilihesabu nyuzi zikishuka
kama mtu anayeshuka ngazi amebeba maji.

Alfajiri, tisini. Tukafungua.
Msumeno ukapita nusu, tukaacha kupumua.
Ukapita robo tatu.
Hakuna mlio.
Kifundo kikaniangukia kwenye glavu,
kizito, vuguvugu, hakina la kusema.
Tumekipima mara tatu: hakikujikunja hata kwa upana wa unywele.

Mteja amepiga simu mara sita.
Nimemwambia bado hadubini;
nataka kuona kama zile sindano zimejifunza kulala,
au zile dakika za giza zimeacha kitu.
Sijui. Bhogal anafika saa tatu.

Halafu nitarudi Kayole.
Nitamkuta dada yangu Kavindu amekaa jikoni, uso unang'aa.
Nitamwekea chai. Nitakaa.
Akianza kusema, hata akianzia mwaka ule wa mazishi,
sitamkata kauli.