Ya Rahisi

Brant, zima redio, ingia huku chini ya pikapu,
na uje na taa. Kofia igeuze nyuma.
Mvua ya jana imeuacha udongo wa uwanja mzito,
umeshikana kama unga uliokandwa na mtu mwenye hasira,
na kipaza sauti cha Arlo Wynia kimeshaanza kukohoa
huko nyuma ya mabanda ya nguruwe.
Tuna saa moja na nusu.

Hii ni propela. Unaijua tangu utoto,
ulikuwa ukiigonga kwa kijiko usikie inalia vipi.
Leo itazame kama mtu anayekudai.
Sleji ile, unapoondoka, ni nyepesi, inakuchekea:
sanduku la uzito limekaa nyuma, juu ya magurudumu yake.
Ukisogea, nalo linapanda,
kama mkopo wa benki kiangazi kisicho na mahindi,
mpaka bamba la chuma linauma ardhi
na kila farasi uliyemnunua kwenye injini
anatafuta pa kutokea.
Hatokei juu, ndugu yangu.
Anashuka: giaboksi, propela, krosi, difu, ekseli,
anabisha mlango kwa mlango, akiuliza nani amelala.

Nimezungusha pete mbili za chuma,
moja mbele, moja nyuma, unene wa kidole gumba.
Hazitakuongezea hata futi moja.
Ya baba haikuwa na pete.
Ilikatika mbele, ikachimba udongo, ikapasua sakafu,
ikaingia bila hodi
na kukaa pale palipokuwa na goti.
Ulikuwa na miaka minne, jukwaani, sukari usoni.
Ulipiga makofi.
Sikulaumu. Wengi walipiga.

Springi za nyuma nimezifunga zisipumue.
Hizi bomba mbili, toka ekseli hadi chesesi,
zinaizuia ekseli isijikunje kama paka aliyekanyagwa.
Pembe ya propela nimeipima mara tatu.
Mara ya tatu sikuwa na shaka, nilikuwa na woga tu.

Sasa iguse hii krosi. Ya nyuma.
Ndiyo, ya rahisi, dola kumi na tisa, dukani kwa Roelofs.
Usinikodolee macho, nimeiweka kwa makusudi.
Ningeweka ngumu kila mahali,
nguvu ingekwenda kulitafuta difu,
nasi tungelilipia mpaka theluji.
Kitu kitakatika, Brant, hilo halina mjadala.
Kazi ya fundi ni kuchagua wapi:
mahali mkono unapofika, ndani ya pete.
Ya akiba ninayo mfukoni, nimeipaka grisi,
nimeiviringisha kwenye soksi ya baba,
ile ya mguu waliobaki nao Sioux Falls.

Mnyororo ukilegea, usikurupuke.
Uvute polepole mpaka unyooke,
mpaka usikie sleji imekuegemea mgongoni.
Hapo ndipo ukanyage mafuta.
Magurudumu yakianza kurukaruka, toa mguu.
Tairi likiwa hewani linazunguka bure, linajidanganya;
likigusa chini linasimamishwa ghafla,
na vyuma hufa kwenye huko kugusa.
Toa mguu. Usihesabu futi.
Watazomea. Waache wazomee,
hakuna aliyekuja na chesesi yake.

Jambo jingine. Usigeuke.
Baba amekuja.
Miaka kumi na moja hajaukaribia uzio huu,
leo ameegemea pale na fimbo yake,
anajifanya anatazama nguruwe wa akina Haverkamp.
Asubuhi, wewe ukiwa bado umelala,
aliinama hapa, kwa shida, akahesabu pete kwa kidole.
Akaniuliza neno moja: “Ya nyuma?”
Nikamwambia, “Ya rahisi.”
Akatikisa kichwa, akaniomba nimsaidie kuinuka.

Haya, toka. Una grisi shavuni.
Iache hapo hapo.