Tarehe Mosi Januari

Bweni zima pale Kassel tulizaliwa siku moja.
Mimi, Chamanali, na Esmat wa Ghor, na yule mzee
asiyesikia sikio la kushoto:
mosi Januari, mosi Januari, mosi Januari.
Karani alikuwa na haraka
na kisanduku hakikukubali kubaki kitupu.
Tulicheka. Tukanunua keki moja ya jana, nusu bei,
tukaimbiana wanaume kumi na tisa.

Sikujua kicheko kile kina riba.

Leo Bi Wiebke, wakili wa kujitolea,
ananipangia karatasi mezani polepole
kama mtu anayechambua mchele.
Mke: ndiyo.
Mtoto chini ya miaka kumi na minane: ndiyo.
Mtoto aliyetimiza: hapana,
isipokuwa kwa dhiki isiyo ya kawaida.
Mama mzazi.
Hapo akanyanyua macho. Mama hana kisanduku.

Nikauliza, dhiki ya kawaida ni ipi?
Akanitazama, akaenda kuchemsha maji.

Cheti cha ndoa hatuna. Tulikuwa na mashahidi wawili:
mmoja yuko chini ya udongo wa Jaghori,
mwingine yuko Melbourne, hapokei simu.
Damu nzito kuliko maji, watu husema;
hapa hawakutaka damu, walitaka mate.
Nikaachama, kijiti cha pamba kikapita shavuni,
nikawaza: katika ute huu wamo wote,
Golchehra, Yunus, mama yangu na mama yake.
Marzia tu hayumo.
Mke hapatikani kwenye mate.
Mke yumo katika namna ninavyolala ukingoni
mwa kitanda cha mtu mmoja.

Na Golchehra yumo kwenye tazkira, mstari mmoja:
umri, miaka minne, mwaka 1389.
Mtafsiri akapiga hesabu, akaupa mwaka siku.
Siku yenyewe unaijua.
Kwa karatasi, binti yangu anakuwa mtu mzima mwezi ujao.
Miadi ya ubalozi, Islamabad, ni Machi.

Lakini mimi nilikuwepo.
Forosadi zilikuwa zikianguka zenyewe,
tumezitandikia shuka chini ya mti,
na mkunga alipotoka kuniita vidole vyake vilikuwa vyekundu.
Miguu ikaniisha nguvu.
Akavilamba, akacheka:
ni forosadi, mjinga wewe, una binti.
Forosadi haziivi Januari.
Januari kwetu theluji hufika dirishani
na kuku husahau kutaga.

Nikamwambia Bi Wiebke haya yote. Akaandika.
Kisha akauliza, kwa upole wa daktari,
kama kuna mtu aliyeandika chochote siku ile.

Saa tisa usiku nakanda unga kiwandani.
Simu imeegemea gunia la chumvi; Quetta kumekucha.
Mama anakohoa nyuma ya pazia.
Golchehra anasema, Baba, wachukue mama na Yunus.
Mimi nitabaki na bibi.
Anasema haraka, kama aliyekariri,
kisha anauliza kama ni kweli
mikate ya huko ina mbegu za alizeti.
Nasema ni kweli.
Nasema nitakuwekea mmoja,
kana kwamba mkate huwekeka.

Ukurasa wa tisa wa fomu, chini kabisa,
pana nafasi: maelezo mengine. Mistari mitatu.
Nimeandika kwa kalamu, Kijerumani changu kinachechemea:
Nilikuwepo.
Shuka lilikuwa la bluu.
Mstari wa tatu ningali nao.
Nataka kuandika jina la mama
sijui niliweke chini ya neno gani.