Mlima Unaanzia Stesheni

Saa tatu na nusu asubuhi
treni ikashusha pumzi Moshi.
Konda akasema: Mama Mwanamkasi, tupo hapa mpaka saa saba,
injini ina kikohozi. Wewe tulia behewani,
mlima utauona dirishani.
Nikamwambia: Dirishani nimeona tangu Korogwe.
Niteremshe.

Wanaume wawili na kitimwendo changu,
mmoja kashika gurudumu, mwingine kashika sala,
wakanishusha kama mzigo ushukavyo melini pale Tanga
nilipokuwa karani wa gati miaka ishirini na sita
nikiandika: mkonge, marobota arobaini;
saruji, mifuko mitatu imepasuka.
Leo ningejiandika mwenyewe:
mwanamke mmoja, miguu miwili isiyofanya kazi,
amepokelewa salama,
kandambili moja haionekani.

Wenye miguu watakuambia mlima unaanzia Marangu,
getini, ukishalipa.
Waulize magurudumu.
Mlima unaanzia stesheni, hatua kumi nje ya mlango,
pale lami inapojifanya tambarare
na kiganja kinajua siyo.
Mji mzima umeinama kama mtu anayechota maji,
na hakuna anayeupanda akajua kwamba anapanda
ila mimi, na kijana wa mkokoteni wa ndizi
aliyenipita akihema, akaniinulia kidevu:
salamu ya watu wa tairi.

Kila duka lina ngazi tatu.
Juu ya kila ngazi ya tatu yupo mtu anayesema pole.
Pole, mama. Pole sana, mama.
Nikazikusanya pole zote, nikazipakata.
Hazikutosha kufukia mtaro mmoja.

Na mtaro ndio huo, hauna mfuniko,
maji yanakimbia ndani yake kwenda nilikotoka.
Nikasimama. Yaani nikakaa, kama kawaida,
jua utosini, inzi puani.
Ng'ambo, barazani, fundi cherehani akatua mguu.
Hakusema pole.
Alisema: Una kilo ngapi?

Nilicheka nusura nitumbukie.
Sabini, nikasema, pamoja na hasira.
Akaingia ndani, akatoka na ubao wa kupigia pasi,
blanketi lake bado la moto,
akaulaza juu ya maji, akaukanyaga kwanza yeye, mara mbili,
kama mtu anayejaribu godoro dukani.

Aikaeli, ndilo jina lake.
Alikitazama kiganja changu asiulize kitu,
akakata jinzi kuukuu, akanishonea glavu isiyo na vidole,
huku akitaka kujua nazi Tanga siku hizi bei gani.
Ya kulia tu. Ya kushoto, kitambaa kiliisha.

Na mlima uko wapi? nikauliza.
Akaelekeza sindano kwenye wingu.
Upo. Umejifunika. Wageni wananuna
kama vile sisi ndio tumeuficha.
Basi nenda walau Mnara wa Saa, ni hapo tu.
Nikatabasamu. Hapo tu ya mwenye miguu naijua:
nusu saa na mitaro minne.
Tukanywa kahawa. Ikapoa, tukaongeza nyingine.
Mnara sikuufika.

Kurudi sikusukuma.
Mlima ulinisukuma, ukiwa na mikono mikubwa kuliko ya mwanangu,
glavu ikinuka kuungua kwenye ukingo wa gurudumu,
kanga ikinipiga usoni,
watoto wa shule wakinikimbiza wasinifikie,
na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, napiga kelele:
Nipisheni, sina breki!
Na breki ninayo.

Konda alikuwa mlangoni, anatazama saa.
Haya, umeuona mlima?
Sijauona, nikasema. Nimeupanda.
Akanitazama, akatazama tairi zilizojaa vumbi jekundu.
Mpaka wapi?

Mpaka kwa fundi.