Tundu Kwenye Karatasi

Nilichelewa zamu moja, Arvid, ukafa.
Hilo ulinisamehe kabla pitsa haijapoa.
Kukurudisha ndiko kulikokukaa rohoni.

Ilikuwa Duluth, Februari, chini ya nyumba ya Marlys,
tanuri likikohoa, soksi za wanawe zimeanikwa kwenye bomba,
na nje ziwa limeganda hata taa za gati
zilionekana zimesimama juu ya sakafu.
Borgun wako, kibeti wa Mlima Kovu,
alikuwa amelala darajani,
shoka chini yake, zimwi juu yake.
Almasi ya kufufulia hatukuwa nayo.
Mimi, mganga wa miti, nilikuwa na dawa moja tu:
kuiita roho irudi
na mwili wowote utakaojitokeza.

Dadu mbili. Thelathini na nne.
Marlys akapitisha kidole kwenye jedwali, akainua macho:
mtu wa msituni. Mrefu. Kidevu kitupu kama yai.
Tulicheka mpaka Rosalind akamwaga soda.
Wewe ulichukua kifutio,
ukalisugua neno *kibeti*, ukasugua,
hadi karatasi ikatoboka
na mbao za meza zikachungulia
pale palipokuwa na asili yako.

Sikujua bado kwamba zile ndevu ulizochora,
zenye mafundo mawili na pete ya bati,
ulizitoa kwenye picha ya baba yako
aliyepakia mawe ya chuma pale gatini
miaka thelathini na mmoja.
Rosalind aliniambia, garini,
tukisubiri barafu itoke kiooni.

Mwaka mzima ulipiga mishale vizuri.
Tulikusifu. Hukujibu.
Kisha tukafika Mlima Kovu, lango la kwenu,
na Marlys, kwa sauti ya mama mzee, akauliza: Nani?
Ukasema: Mimi.
Kitasa kikalia. Jicho moja kwenye ufa.
*Sauti naijua*, akasema. *Mwili siujui.*
Akafunga.
Marlys alitupa dadu kwanza, niliona;
dadu ndiyo iliyoamua mama asikutambue.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa.
Juu ya aliyeachishwa na dadu
hawakusema kitu.

Basi tukauza. Magamba ya joka, mashua, fimbo yangu
niliyoipenda kuliko nilivyokiri,
tukanunua ombi moja kubwa, la kutamkwa mara moja.
Marlys akafungua kitabu, akakifunga.
"Mwili utarudi," alisema. "Na ule upinde je?
Kibeti hakuzaliwa nao."
Ukafikiri muda mrefu, tanuri likazima, likawaka.
"Nilichojifunza nikiwa mwingine ni changu," ukasema.
"Mkono ndio uwe mfupi."

Nikasimama, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame,
nikasoma nilichoandika nyuma ya risiti ya mafuta:

*Rudi kibeti urudi, mwilini mwako wa kwanza,*
*Jiwe lile la baridi, lililokupa kuanza,*
*Ndevu zishuke zaidi, kifua zije kutunza,*
*Dadu haina ahadi, ndiyo iliyokuponza.*

Hakuna aliyecheka. Rosalind alishika kopo lake kwa mikono miwili.

Ukachukua kalamu.
Pale penye tundu hapaandikiki,
wino ungeishia mezani;
ukaandika *kibeti* pembeni, ukingoni,
kwa herufi ndogo zinazopanda juu kidogo,
kama mtu anayejibana kwenye benchi lililojaa.

"Naenda langoni," ukasema.
Usiku huohuo, theluji, peke yako.
Ukagonga meza mara tatu.

Marlys alizikusanya dadu zote,
akazitia mfukoni mwa sweta.
Nani? akauliza, yule mama.

Ukafungua mdomo. Nikakuona ukilitafuta
jibu jipya, refu, lenye ukoo na ushahidi,
halafu ukaliacha.

Mimi, ukasema.