Miguu ya Shaba

Barua ilisomwa Thiatira, nyumbani kwa mtia rangi,
wekundu wa mizizi ungali kwenye kucha zetu.
Msomaji akataja nywele nyeupe kama sufu;
wasokotaji wakaguna, sufu wanaijua.
Akataja upanga utokao kinywani,
nyota saba ndani ya kiganja kimoja,
sauti inguruma kama maporomoko.
Mimi Ammia, mjane wa Glukoni mfua shaba,
nilikuwa nasinzia.

Kisha akasema: na miguu yake,
shaba iliyotoka tanuruni.

Usingizi ukaniruka.
Miaka kumi na tisa nimevuta mivukuto.
Shaba haing'ai hivyo kwa kusuguliwa mchanga, ndugu zangu.
Mwenye miguu hiyo
hakusimama mlangoni akiuliza kama moto umekolea.

Nikamkumbuka Glukoni, siku kalibu ilipopasuka,
wayo wake ulivyokunjamana kama jani,
nasi tukamzika nao.

Msomaji alikwisha kufika kwenye funguo za mauti.
Wenzangu walitazama dari.
Mimi niliangalia sakafu,
nikasogeza viatu vyangu kando,
apate pa kupita.